Makala ya Grupu: Kutazama Moto na Joto la Mashini ya Umeme

Ninyi watu wa migini iliyo pande za Likasi, za Fungurume na za Kolwezi, munajua jambo hili vizuri: waya za umeme zinapita juu ya mashamba yenu, lakini katika nyumba nyingi umeme haushuki. Maji ya Lufira yalianza kuzungusha mashini za Mwadingusha katika mwaka 1930. Katika mwaka 1982 waya kubwa zilileta umeme wa Inga mpaka Kolwezi, mwendo wa kilometa 1700 hivi. Umeme huo ulitafutwa kwa ajili ya migodi. Kwa hiyo mugini ukitaka kusaga mahindi yake bila kuyabeba mbali, watu wanakusanya falanga, wanauza magunia, wananunua grupu na motere ya kusaga.

Sasa sikilizeni. Grupu haifi kwa ghafula kama mutu aliyepigwa na radi. Inaugua kwanza, na ugonjwa wake unaonekana kwa macho, unasikika kwa pua na kwa mukono. Mwenye kuitunza asipotazama, singa zake za shaba zinaungua, na kuzifunga upya kunataka falanga nyingi. Wakati ule mahindi yako ghalani, na wanawake wanarudi kwenye kinu na muti wa kutwanga.

Tuanze na ndani ya mashini. Grupu ina sehemu mbili: moja inakunywa mazuti na kuzungusha, ingine inazaa umeme. Katika sehemu hii ya pili kuna gurudumu la chuma lililofungwa singa za shaba. Gurudumu hilo linapaswa kuwa sumaku, na ili liwe sumaku linataka kupewa umeme kidogo. Lakini utatia umeme namna gani katika kitu kinachozunguka mara 1500 kwa dakika moja? Waya zingejifunga na kukatika. Basi watengenezaji wametia pete mbili za shaba juu ya mutaimbo wa gurudumu, na juu ya kila pete wameweka kipande cha makala, kinachosukumwa na kamba ya chuma iliyokunjwa, yaani resori. Pete inazunguka, makala yanatulia, umeme unapita pale vinapogusana. Si makala ya kupikia. Yametengenezwa kiwandani kwa kazi hii. Kuna grupu zingine zisizo na makala. Fundi atakuonyesha yako ni ya namna gani.

Makala yanakulika. Ndiyo kazi yake: ni laini ili yaishe yenyewe, pete isiishe. Jembe nalo linakulika katika udongo, na hakuna mulimaji anayeshangaa. Lakini makala yakiwa mafupi, resori haiwezi tena kuyasukuma vizuri. Yanaanza kurukaruka juu ya pete, na umeme unaruka pale katikati kama cheche. Cheche hiyo ni moto mukali sana, inakula shaba. Pete inapata mikwaruzo, mikwaruzo inarusha makala zaidi, cheche zinaongezeka. Ugonjwa huu unajilisha wenyewe. Ukiuacha juma moja, juma la pili hautakungojea.

Kutazama si kazi ngumu. Chagua saa ya jioni, giza likianza kuingia, mashini ikiwa na muzigo wake. Simama nyuma yake, utazame katika matundu ya kifuniko. Usitie kidole, wala kijiti, wala chuma. Umeme ulio mule unaua. Watoto wakae mbali. Katika grupu yenye pete mbili laini, hupaswi kuona cheche hata kidogo. Lakini kuna motere za namna ingine, kama zile za mashini ya mukono ya kukata vyuma au ya kutoboa, na motere zingine za zamani: pete yao si laini, imekatwakatwa vipande vingi vidogo vya shaba. Hapo cheche ndogo za rangi ya bluu, kama ncha za sindano kwenye ukingo wa makala, si kitu kibaya. Ukiona cheche za manjano au nyeupe, ndefu kama ulimi, au moto unaozunguka pete nzima, na unasikia mulio kama chumvi iliyotupwa motoni, zima mara moja.

Asubuhi, mashini ikiwa imepoa na hakuna mutu anayeweza kuiwasha, fungua kifuniko. Tazama rangi ya pete. Pete nzuri ina rangi ya karanga iliyokaangwa, inang'aa kidogo. Vijana wengi wanaona rangi hiyo, wanasema ni uchafu, wanaisugua mpaka shaba inakuwa nyekundu. Wanakosa. Ngozi hiyo ya kahawia ndiyo inayolinda pete na makala, iacheni. Kinachotakiwa kuondolewa ni vumbi jeusi la makala na unga ulioshikamana nalo. Tumia burashi kavu na pampu ya kinga. Usimwage maji, usipake mafuta wala grisi kwa kufikiri kwamba pete itateleza vizuri. Mafuta yanashika vumbi, na vumbi la makala linapitisha umeme pale usipotakiwa.

Vuta kila kala katika nyumba yake. Likikwama, cheche zimepata sababu. Safisha nyumba ile mpaka lishuke na kupanda bila kusukumwa. Kisha lipime na jipya, maana unapaswa kuweka jozi moja mpya katika kisanduku tangu siku ya kununua grupu. Likibaki nusu ya urefu wa jipya, tafuta mengine. Likibaki theluthi, usiwashe. Badilisha yote mawili siku moja. Watu wengine wanavunja pili ya zamani ya torchi, wanachonga kala lake, wanalitia. Taa zinawaka, wanafurahi. Lakini kala lile si la kazi hii, na pete ndiyo italipa.

Kala jipya lina uso wa bapa, pete ni ya mviringo, kwa hiyo havigusani vizuri. Kata ukanda wa karatasi nyembamba ya kusugulia mbao, uuzungushe juu ya pete, mchanga wake ukitazama kala, uvute polepole kufuata mwendo wa mashini mpaka uso wa kala unashika umbo la pete. Usitumie karatasi nyeusi ya kusugulia vyuma. Punje zake zinaingia katika kala na kukwaruza shaba. Ukimaliza, ondoa vumbi lote.

Tuje kwa joto. Motere kubwa nyingi za kusaga hazina makala hata kidogo, basi usingoje cheche. Ugonjwa wao unajulikana kwa joto na harufu tu. Siku mashini ni nzima, baada ya saa moja ya kusaga, gusa mwili wake kwa mugongo wa mukono, ukae mbali na mukanda unaozunguka. Hesabu polepole unaweza kuvumilia mpaka ngapi. Andika hesabu hiyo. Motere zingine ni za moto sana hata zikiwa nzima, kwa hiyo hakuna hesabu moja kwa zote. Lakini motere iliyovumilika mpaka kumi jana, na leo mpaka tatu tu, ina shida. Singa zake zimepakwa rangi inayozuia umeme usivuke kutoka singa moja kwenda ingine. Mafundi wanahesabu hivi: kila digri 10 zikiongezeka juu ya kipimo chake, maisha ya rangi hiyo yanapungua nusu. Ukisikia harufu yake, kama ya rangi iliyochomwa, usingoje kumaliza gunia.

Sababu ya joto, mara nyingi, ni watu. Motere ya kusaga imewashwa, kisha mwenye video anaunga waya yake, mwenye simu za kuchaji yake, na fundi wa kuunganisha vyuma naye anakuja jioni. Grupu inalemewa, mwendo wake unashuka, sindano ya volti inaanguka kutoka 220 mpaka chini ya 200. Motere inayopewa volti kidogo haipunguzi kazi. Inavuta umeme zaidi ili kubeba muzigo ule ule, na inaungua. Ondoa wengine kwanza. Tena, washa motere kabla ya kumwaga mahindi: inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara tano au zaidi kuliko kawaida yake. Ikinguruma bila kuzunguka, kata umeme upesi sana.

Matundu ya hewa yasizibwe na unga wala magunia. Kumbukeni vilevile kwamba kibao cha mashini nyingi kinahesabu mahali pasipopita meta 1000 juu ya bahari. Kolwezi inapita meta 1400, na huko hewa ni nyepesi, haipozi sana. Usiipe muzigo wote ulioandikwa.

Neno moja kwa wanaoazimisha grupu kwa wachimbaji ili kuvuta maji katika mashimo. Inarudi na vumbi la mawe ndani yake, mara na maji. Isiwashwe kabla ya kufunguliwa na kukaushwa. Na isishushwe kamwe ndani ya shimo, wala kuwashwa mulangoni pake: moshi wake una sumu isiyo na harufu, inayoua mutu kama anayelala.

Moshi ukitoka katika motere, kata umeme, tupa muchanga mukavu, si maji. Ikiwa ni joto tu bila moshi wala cheche, ondoa muzigo, uiache izunguke bure dakika tano ili ipepee, ndipo uizime. Na ukiona katika pete iliyokatwakatwa kipande kimoja kinakuwa cheusi mahali pale pale, hata baada ya kusafishwa, usisugue tena. Singa moja imekatika ndani, mupelekee fundi.