Kuvaa kwa Kufuata Riwaya za Jane Austen

Kuvaa kwa kufuata kitabu ni kuchagua nguo, rangi na mapambo yanayomdhihirisha mhusika fulani au zama alizoishi, na miongoni mwa waandishi wanaofuatwa sana kwa namna hiyo ni Jane Austen (1775–1817), ambaye wapenzi wake hukusanyika kila mwaka mjini Bath, Uingereza, wakapita barabarani wamevaa kama watu wa enzi yake. Ajabu ni kwamba Austen mwenyewe hueleza mavazi kwa uchache mno, na anayezungumza sana habari za nguo katika riwaya zake aghalabu ndiye anayechekwa.

Gauni la wakati huo lilibanwa chini kidogo ya matiti, wala si kiunoni, kisha likaachwa lianguke moja kwa moja hadi miguuni, kwa kuiga sanamu za kale za Ugiriki na Roma. Kitambaa kilichopendwa kilikuwa melimeli, yaani pamba nyembamba na laini, ambayo iliyo bora ilifumwa Bengali, hasa Dhaka. Kwa kuwa kitambaa chenyewe kilikuwa chepesi, mifuko iliyokuwa ikifungwa kiunoni ndani ya gauni haikuweza tena kufichika, ndipo wanawake wakashika vipochi vya kufungwa kwa kamba, na baridi ilipozidi walivaa spensa, ambayo ni koti fupi linaloishia pale pale gauni linapobanwa, au pelisi, ambayo ni koti refu. Pelisi moja ya hariri ya kahawia yenye urembo wa majani ya mwaloni, inayoaminika kuwa ya Austen mwenyewe, imehifadhiwa Hampshire hadi leo.

Lakini mshono peke yake haumleti mhusika. Katika Pride and Prejudice (1813), Elizabeth Bennet anatembea maili 3 kumjulia hali dada yake mgonjwa, akafika kwa wenyeji wake pindo la nguo ya ndani likiwa na matope ya inchi 6, na dada za mwenyeji, Bw. Bingley, wanamsengenya mara tu anapowapa kisogo. Anayetaka kuvaa kama Elizabeth, basi, anahitaji gauni jepesi lisilo na makuu na viatu vya kutembelea kuliko anavyohitaji lulu. Lulu na lesi amwachie Bi. Elton wa riwaya ya Emma, ambaye hata kwenda kuchuma matunda shambani ni lazima aonekane na kofia kubwa na kikapu chake. Katika Northanger Abbey, mjuzi wa melimeli ni mwanamume, Henry Tilney, anayejisifu kwamba alimnunulia dada yake melimeli halisi ya India kwa shilingi 5 yadi moja, kisha akaonya kwamba gauni la Catherine, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, halitastahimili kufuliwa.

Kwa fundi wa cherehani kazi si ngumu: akate gauni la pamba nyepesi ya rangi hafifu, mshono wa kati aupandishe hadi chini ya matiti, na mikono iwe mifupi yenye kutuna kidogo begani. Asiye na fedha za gauni jipya amwige Lydia Bennet, mdogo wake Elizabeth, anayenunua kofia asiyoipenda kwa nia ya kuifumua na kuitengeneza upya, ijapokuwa busara nyingine za Lydia hazifai kuigwa.

Filamu nazo zisitegemewe kupita kiasi, kwani lile shati lililoloa la Bw. Darcy, anayeishia kumwoa Elizabeth, lililopata sifa katika tamthilia ya televisheni ya Pride and Prejudice ya BBC ya mwaka 1995, halimo kitabuni hata kwa sentensi moja, ilhali koti la buluu la Bw. Bingley, ambalo Austen alilitaja waziwazi, ni wachache wanaolikumbuka. Mwenye nia na aanze kwa kusoma riwaya yenyewe, kisha ndipo ampelekee fundi kitambaa.