MASHINE ZA UPANA WA UNYWELE

Askari aendeshaye gari la kisasa lenye mfuko wa hewa ndani ya usukani hunufaika, pengine bila kujua, na kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, nchini Marekani.

Huko ndiko alikoanza kufundisha mwaka 1962 Profesa Richard Muller, mhandisi wa umeme. Fani yake ilikuwa silikoni, ambayo asili yake ni mchanga. Silikoni haipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Kwa hiyo fundi huweza kuutawala umeme ndani yake, na ndiyo siri ya transista katika redio ya upepo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Muller na mwanafunzi wake Roger Howe walitaka silikoni hiyohiyo iwe mashine yenye kutikisika. Njia yao yafanana na ya mwashi amwagaye zege ya dari: kwanza husimamisha mbao, na zege ikishakauka mbao huondolewa, dari ikabaki. Wao walitandaza tabaka la oksidi, juu yake wakatandaza silikoni, kisha wakaiyeyusha oksidi kwa asidi. Kijiti cha silikoni kikabaki kimening'inia, huru kutikisika. Mwaka 1986, Muller na Profesa Richard White walianzisha kituo cha utafiti wa vihisi chuoni hapo. Miaka miwili baadaye ikatengenezwa mota ya umeme yenye upana unaokaribia unywele wa binadamu.

Askari waliosimama nyuma ya lori huinama mbele dereva afungapo breki ghafla. Kijiti cha silikoni hufanya vivyo hivyo, na mwinamo wake hubadilisha kipimo cha umeme. Tangu miaka ya 1990, vihisi vya aina hiyo vimetumika kutambua mgongano wa gari na kuufungua mfuko wa hewa kabla dereva hajapigwa na usukani.

Hata hivyo, kisu hicho kina makali mawili. Vihisi vya mwendo huongoza pia ndege zisizo na rubani na makombora. Nchi isiyo na wahandisi wake hununua vyombo hivyo kwa masharti ya wengine, na vikiharibika husubiri fundi kutoka ng'ambo.

Ni dhahiri, basi, kwamba ulinzi wa taifa huanzia pia katika maabara ya shule ya sekondari. Askari amhimizaye mwanawe kusoma fizikia, naye mwenyewe akasoma maelezo ya chombo kabla ya kukigusa, ametimiza sehemu ya wajibu wake.