Mashindano ya Riadha ya Taifa na Wakimbiaji wa Kisii

Kila mwaka nchi ya Kenya hufanya mashindano ya taifa ya riadha, na majina ya washindi husikika katika redio na kusomwa magazetini. Walio wengi wayajua majina hayo, lakini si wengi wanaojua mashindano yenyewe yalianzaje, wala jinsi mtu atokaye katika lokesheni ya mbali anavyoweza kufika huko. Kwa watu wa Nyamarambe na Mugirango ya Kusini nzima habari hii yawahusu sana, kwa sababu nchi ya Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa zilizoipa Kenya wakimbiaji wenye sifa duniani.

Kila mchezo una historia yake. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, huko Uingereza, yalianza mwaka 1877 yakiwa na wachezaji 22 tu, tena yalikuwa shughuli ya klabu moja. Katika Kenya vilevile tenisi ilichezwa zaidi katika vilabu, na kwa miaka mingi vilabu vingi vilikuwa vya Wazungu peke yao. Mchezo huo wataka uwanja uliosawazishwa, wavu, raketi na mipira. Mbio hazihitaji vitu hivyo. Zahitaji uwanja uliopimwa, mtu mwenye saa, na kijana aliye tayari kukimbia. Ndiyo sababu katika vilima vya Kisii mashindano ya taifa yaliyoota mizizi yalikuwa ya mbio.

NGAZI YENYE VIPANDIO

Mashindano ya taifa yafanana na ngazi. Mtu hawezi kukanyaga kipandio cha juu bila kupita vile vya chini. Zamani za ukoloni kipandio cha kwanza kilikuwa michezo ya lokesheni, ambayo mara nyingi chifu mwenyewe aliisimamia. Walioshinda huko walikwenda kushindana katika wilaya, kisha katika jimbo, na waliobaki mwisho walikutana kushindania ubingwa wa Koloni zima. Nchi ya Kisii wakati huo ilikuwa sehemu ya Nyanza ya Kusini, kwa hiyo mkimbiaji wa Mugirango ya Kusini alipaswa kuwashinda wenzake wa Kisii, na tena wakimbiaji wa Kijaluo, kabla ya kufikiriwa katika Jimbo la Nyanza.

Siku hizi majina ya vipandio yamebadilika, lakini desturi ni ile ile. Wako wanaopita kwa njia ya shule, wako wanaopita katika mashindano ya kaunti na ya kanda, na wako wengi ambao huandikwa katika Jeshi, Polisi au Magereza. Vikosi hivyo hufanya mashindano yao kwanza, kisha hupeleka mabingwa wao katika mashindano ya taifa.

MWANZO WAKE

Watu wa Kisii, kama watu wote, walikuwa wakishindana kwa mbio tangu kale. Lakini mbio hizo hazikuwa na kipimo. Aliyemshinda jirani yake alisifiwa kijijini, wala hapakuwa na njia ya kumlinganisha na mtu wa Nandi au wa Mombasa, sembuse mtu wa Ulaya. Kipimo cha yadi na saa ya kupimia mbio vililetwa na shule, misheni, polisi na jeshi.

Mwaka 1924 kiliundwa chama cha kusimamia michezo ya Waafrika na Waarabu. Serikali ya Koloni ilikuwa na makusudi yake: ilitumaini kwamba vijana wenye nguvu wangeshughulishwa na michezo badala ya vita na wizi wa ng'ombe. Mgawanyo wa rangi uliokuwa katika mashule na mahospitali ulikuwamo katika michezo pia, na kila jamii ilishindana peke yake. Kwa hiyo aliyeitwa bingwa katika siku hizo alikuwa bingwa wa watu wa rangi yake tu.

Badiliko lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 Bwana Archie Evans aliwekwa kuwa Afisa wa Michezo wa Koloni, na mwaka 1951 kikaanzishwa Chama cha Riadha cha Kenya, kikiwa na Bwana Derek Erskine kama mwenyekiti wa kwanza. Chama hicho kilikuwa cha watu wa jamii zote. Tangu hapo mkimbiaji wa Kisii aliweza kusimama kwenye mstari mmoja na mtu yeyote wa Kenya. Mwaka 1955 kamati ya Olimpiki ya Kenya ilikubaliwa, na mlango wa ulimwengu ukawa wazi. Chama kile kilichoanza mwaka 1951 ndicho kinachojulikana leo kwa jina la Athletics Kenya.

NYANDIKA MAIYORO

Mtu wa kwanza wa Kisii kupita katika mlango huo alikuwa Nyandika Maiyoro. Mwaka 1953 alipelekwa Madagaska katika michezo ya nchi za Bahari ya Hindi. Mbio za mita 3,000 zilipoanza yeye hakuwa mstarini, na alipoingia wenzake walikwisha kutangulia karibu mita 100. Hata hivyo aliwafuata, akawapita wote, akashinda.

Mwaka uliofuata Kenya ilipeleka timu Vancouver, Kanada, katika michezo ya nchi za Ufalme wa Uingereza. Njiani timu ilikaa London na kushiriki katika mashindano ya Waingereza katika uwanja wa White City. Lazaro Chepkwony alikimbia maili 6 miguu mitupu, na mwendo wake wa kwenda mbio, kupunguza, kisha kwenda mbio tena uliwasumbua Waingereza, ingawa yeye mwenyewe hakumaliza. Kesho yake, tarehe 10 Julai 1954, Maiyoro aliingia katika maili 3, ambazo ni mizunguko 12 ya yadi 440. Chris Chataway na Freddie Green walimaliza kwa dakika 13 na sekunde 32.2, na hiyo ikawa rekodi mpya ya dunia. Maiyoro alikuwa wa tatu. Kule Vancouver alipata nafasi ya nne.

Mwaka 1956 Kenya iliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, na Maiyoro akawa wa 7 katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, mjini Roma, alikuwa wa 6 kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Hakupata nishani ya Olimpiki, lakini aliwaonyesha waliomfuata kwamba umbali uliokuwapo kati ya Kisii na ubingwa wa dunia ulikuwa sekunde chache tu. Maiyoro alifariki mwaka 2019.

KUTOKA CARDIFF HATA MEXICO

Mwaka 1958 michezo ya nchi za Ufalme wa Uingereza ilifanywa Cardiff. Hapo Kenya ilipata nishani zake za kwanza katika michezo hiyo, nazo zilikuwa mbili za shaba: moja ya Bartonjo Rotich katika kuruka viunzi, na moja ya Arere Anentia, mtu wa Kisii, katika maili 6.

Baada ya Uhuru akatokea Naftali Temu wa Mugirango ya Kaskazini. Wasomaji wa Nyamarambe wafahamu kwamba Mugirango hizi mbili ni ndugu, ijapokuwa nchi za Abagusii wengine zimewatenganisha. Temu alikuwa askari wa Jeshi. Mwaka 1966, huko Kingston, Jamaika, alishinda maili 6 na kumwacha nyuma Ron Clarke wa Australia, aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 10,000.

Tarehe 13 Oktoba 1968 Temu alisimama tena mstarini, safari hii katika Olimpiki ya Mexico City. Mji huo uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo watu waliozaliwa nchi za chini hupata taabu ya kuvuta pumzi. Mizunguko 25 ya mita 10,000 ilipokaribia kwisha walibaki wachache mbele. Katika mzunguko wa mwisho Mamo Wolde wa Ethiopia alitangulia, lakini Temu alimpita karibu na utepe na kushinda kwa sehemu 6 tu za sekunde. Saa yake ilikuwa dakika 29 na sekunde 27.4. Hiyo ndiyo nishani ya dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Siku chache baadaye aliongeza nishani ya shaba katika mita 5,000. Temu alifariki mwaka 2003.

WALIOFUATA

Haikuwa mbio ndefu peke yake. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 Kenya ilishinda mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Waliokimbia walikuwa Charles Asati, Hezahkiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza ni watu wa Kisii. Ouko alikwisha kushinda mita 800 huko Edinburgh mwaka 1970, na Asati alishinda mita 400 katika michezo hiyo hiyo, akarudia ushindi wake Christchurch mwaka 1974.

Mwaka 1991 Yobes Ondieki alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Tokyo. Mwaka 1993, huko Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38, akawa mtu wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo kabla ya dakika 27 kutimia.

Kwa wanawake njia ilifunguliwa polepole zaidi. Wakenya wa kike walishiriki katika Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1968, na nishani yao ya kwanza, ya Pauline Konga, ilipatikana mwaka 1996. Basi ni jambo la fahari kwamba Hellen Obiri, binti wa Kisii, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na tena mwaka 2019, akapata nishani mbili za fedha za Olimpiki, akashinda marathoni ya Boston mwaka 2023 na 2024, na nishani ya shaba ya marathoni katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

UWANJA WA NYUMBANI

Ukiyatazama majina hayo yote, jambo moja laonekana wazi. Hakuna aliyeanzia Roma wala Mexico. Kila mmoja alionekana kwanza mahali padogo, mbele ya mwalimu, chifu au afisa aliyekuwa ameandaa uwanja na kuandika matokeo. Pasipo mashindano ya chini, mashindano ya taifa hubaki kukusanya wale wale waliokwisha kujulikana. Leo kambi nyingi za mazoezi ziko Iten, Kaptagat na Eldoret, na kijana wa Kisii asiyeonekana nyumbani hana wa kumpeleka huko. Tena nchi ya Kisii ina vilima vingi na watu wengi, na kila kipande cha ardhi tambarare kina wanaokitamani kwa nyumba, chai au migomba. Kiwanja cha shule kikipunguzwa, si mchezo tu unaopotea, bali kipandio cha kwanza cha ngazi.

Wako wanaodhani kwamba bila uwanja mkubwa hakuna mbio. Sivyo. Uwanja kamili wa mita 400 una pande mbili zilizonyoka za mita 84.39 kila moja, na vizingo viwili vya nusu duara. Mahali pasipo na nafasi hiyo, shule yaweza kupima uwanja wa mita 200. Vigingi viwili hupigwa mita 40 mbali na kila kimoja. Kamba ya mita 18 na sentimita 90 hufungwa kwenye kila kigingi kwa zamu, na kwa kamba hiyo nusu duara ya upande wa nje huchorwa kwa chokaa. Kisha nusu duara hizo huunganishwa kwa mistari miwili iliyonyoka ya mita 40. Mkimbiaji hupita kiasi cha sentimita 20 nje ya mstari wa chokaa, na kwa njia hiyo mzunguko wake huwa mita 200 barabara. Mizunguko 25 ni mita 5,000, yaani zile mbio za Maiyoro.

Uwanja wa namna hii waingia ndani ya kiwanja cha kawaida cha mpira. Gharama yake ni kamba, chokaa na asubuhi moja ya kazi. Kinachobaki ni saa, daftari la kuandika majina na nyakati za wakimbiaji, wavulana na wasichana, na tarehe moja ya mashindano ambayo haiahirishwi kila muhula. Daftari hilo likitunzwa mwaka hata mwaka, mwalimu wa Nyamarambe ataweza kumwambia msimamizi wa kaunti, bila kubahatisha, ni mtoto gani afaaye kupelekwa mbele.