Muziki wa elektroniki: Mkongomani Rey Sapienz ajenga kazi yake Kampala

Mtayarishaji wa muziki Rey Sapienz alitoka mashariki mwa Kongo akaenda Kampala, Uganda, na huko akabaki. Hakutegemea malipo ya usiku mmoja wa dansi peke yake. Alifundisha vijana kutengeneza midundo kwa kompyuta, kisha akashiriki kuanzisha lebo ya Hakuna Kulala, inayotoa kazi za watayarishaji chipukizi. Mwaka 2021, pamoja na kundi lake The Congo Techno Ensemble, alitoa albamu Na Zala Zala.

Njia hiyo ina fundisho. DJ hulipwa siku anapopiga muziki; mwenye haki za wimbo huendelea kupata fedha kila unaponunuliwa, hata akiwa amelala. Kwa kijana wa Bunia au Goma mwenye kompyuta moja tu, haki hizo ndizo shamba lake.