Ukipasuliwa Saratani ya Ini, Litazame Ini Lililobaki

Huenda umesikia habari za mtu aliyepasuliwa kwa sababu ya saratani ya ini. Kidonda kilipona, akarudi nyumbani, akashika jembe. Baada ya mwaka mmoja akaugua tena, akafa. Watu wakasema, "Kisu ndicho kilichomwua." Leo tueleze kwa nini mgonjwa mmoja huishi miaka mingi baada ya kupasuliwa, na mwingine hafiki mbali.

Ini liko tumboni upande wa kulia, chini ya mbavu. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1 na nusu. Husafisha sumu katika damu, hutengeneza nyongo na huweka akiba ya chakula cha nguvu. Tena lina ajabu moja. Likikatwa, sehemu iliyobaki hukua. Kama ini ni zima, daktari anaweza kuondoa hata nusu yake na mtu akaishi.

Lakini ini la mgonjwa wa saratani mara nyingi si zima. Virusi vya homa ya ini aina ya B au C, au pombe nyingi, vimelijaza makovu kwa miaka mingi. Ini la namna hiyo ni gumu, wala halikui vizuri. Likikatwa sehemu kubwa, kilichobaki hakiwezi kazi. Macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji, na mgonjwa anaweza kufa hata kama uvimbe wote umeondolewa. Ndiyo maana daktari hupima kwanza, na wengine huwaambia kuwa upasuaji hauwafai. Hajawatupa. Anajua ini lao halitastahimili.

Uvimbe nao hutofautiana. Mgonjwa mwenye uvimbe mmoja mdogo ana matumaini makubwa zaidi. Kama uvimbe ni mwingi, au umeingia katika mishipa ya damu, saratani huwa imeanza kusambaa. Shida ni kwamba mwanzoni saratani hii haiumi. Wengi wetu huenda hospitali wakati uvimbe unashikika kwa mkono, baada ya kupoteza miezi kwa kuchanjwa chale. Ukiambiwa una virusi vya B au makovu ya ini, mwulize daktari kuhusu kupigwa picha ya tumbo kila miezi 6, hata kama hujisikii mgonjwa.

Mkulima wa mahindi na mtama anakijua kiduha. Ukikikata leo, shamba linaonekana safi, kumbe mbegu zimo udongoni. Saratani ya ini ni hivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya waliopasuliwa hurudiwa na uvimbe katika miaka 5, kwa sababu ini lililobaki ni lile lile lenye makovu na virusi. Uvimbe ukigunduliwa mapema, unaweza kutibiwa tena.

Kwa hiyo, mwenye virusi vya B hupewa vidonge vya kumeza kila siku. Asiviache kwa kuwa amepata nguvu. Pombe aiache kabisa, hata ya harusini. Mahindi na karanga zenye ukungu asile, maana huweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu mikoani Dodoma na Manyara. Nayo huleta saratani ya ini.

Mke au mume na watoto wapimwe pia. Virusi vya B hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na toka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Havipiti kwa kula sahani moja. Wasio navyo wapate chanjo. Watoto wachanga wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2002.

Siku ya kutoka hospitali, mwulize daktari: Ini langu lina makovu? Nina virusi? Nirudi lini kupimwa? Andika majibu katika daftari, na uende nalo kila unaporudi kliniki.