Shosho wa Ghorofa ya Tatu

Jioni ya siku ya kazi, matatu za Thika Road hushusha abiria Kimbo, mjini Ruiru, mfululizo, wengi wao vijana wanaokimbilia nyumbani kabla giza halijaingia. Katika baadhi ya nyumba wanazorudi kuna mtu aliyeketi tangu asubuhi. Ni shosho aliyeletwa kutoka Murang'a, au guka aliyetolewa Nyeri baada ya kufiwa na mkewe, akapandishwa ghorofa ya tatu ili watoto wamwangalie kwa karibu. Anapikiwa, anafuliwa, anawashiwa runinga. Akishika ufagio ananyang'anywa kwa mapenzi: "Mum, wewe pumzika, umefanya kazi ya kutosha."

Mapenzi hayo ni ya kweli. Ila mapumziko yasiyo na mwisho yanaweza kumuumiza mzee kuliko jembe.

Tazama alichoacha nyuma. Kijijini aliamka alfajiri kwa sababu ng'ombe hasubiri. Alikata nepia, akapeleka maziwa barabarani, akachuma majani chai, akapanda kilima kwenda kanisani, na siku ya chama akaketi na wenzake. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Lakini yalimpa mambo matatu kwa mpigo: mwili uliotumika, watu wa kusalimiana nao, na sababu ya kuamka. Siku aliyohamia mjini, yote matatu yalikatika pamoja, na miezi michache baadaye familia inashangaa mbona mama hali vizuri, halali, na analalamikia mgongo ambao daktari haoni ubaya wake.

Mara nyingi watu husema ni uzee. Huenda ni sonona, na kwa wazee sonona hupenda kujificha nyuma ya maumivu ya mwili, usingizi wa mang'amung'amu na kukosa hamu ya vitu walivyovipenda.

Watafiti wa Ireland waliwafuatilia watu 4,016 wenye umri wa miaka 50 na zaidi kwa muda wa miaka kumi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2023, yalionyesha kuwa dakika 20 tu za kutembea kwa kasi, siku tano kwa wiki, ziliambatana na upungufu wa asilimia 16 wa dalili za sonona, na uwezekano wa sonona kali ukawa chini kwa asilimia 43, ikilinganishwa na wasiofanya mazoezi kabisa. Dakika 20 ni mwendo wa kwenda sokoni na kurudi.

Msomaji makini atauliza: je, si mwenye huzuni ndiye anayeacha kutembea? Ni kweli, mambo haya huenda pande zote mbili, kila moja likilisha jingine. Ndiyo maana jaribio la Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lililochapishwa 1999, lina uzito wake. Wagonjwa 156 wa sonona, wote wa miaka 50 na zaidi, waligawanywa: wengine wakapewa dawa, wengine mazoezi ya pamoja mara tatu kwa wiki, wengine vyote viwili. Dawa zilianza kufanya kazi mapema zaidi, lakini baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

Neno "pamoja" hapo lisipuuzwe. Kule Korogocho, si mbali na Thika Road hii hii, shosho wa kundi la Shosho Jikinge wamekuwa wakijifunza kurusha ngumi na mateke ili kujilinda dhidi ya wabakaji. Lengo lao ni usalama. Hata hivyo, mazoezi yale yale huwatoa nyumbani, huwatoa jasho na kuwakutanisha na wenzao wa rika moja.

Kimbo inaweza kufanya hivyo? Mazingira hayasaidii. Mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858 mwaka 2009. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 490,120. Mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa, na ploti zimejengwa hadi ukingoni. Ghorofa hazina lifti, bodaboda hupita kwa kasi, na mvua ikinyesha njia za udongo huteleza. Mzee anayeogopa kuanguka hubaki ndani, na kubaki ndani kunazidi kuidhoofisha miguu yake. Kaunti inayopitisha ramani za majengo ina deni la njia za miguu na uwanja wenye viti.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinapotaja haki za wazee, kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii ndiko kunakotangulia, na kutunzwa kunakuja mwisho. Familia inaweza kufuata mpangilio huo bila kungoja serikali. Mama aende mwenyewe kununua sukuma wiki. Apande dhania kwenye magunia juu ya paa. Amchukue mjukuu shuleni kama shule iko karibu, na atafutiwe kikundi cha kina mama kanisani mapema, kabla hajazoea kochi.

Huzuni ikipita wiki mbili, au akianza kusema heri angekufa, kutembea pekee hakutoshi: apelekwe hospitali, Ruiru Level 4 au Thika Level 5. Dawa zake za presha na sukari zibebwe pia ili daktari azikague, na aulizwe ni mazoezi gani magoti yake yatayaweza.