Uteuzi wa Kisanduku cha Mzigo wa Riaktansi kwa Amplifaya za Gitaa Zinazotumia Vali

1.0 Utangulizi

Amplifaya ya gitaa inayotumia vali hutoa sauti yake inayotafutwa zaidi pale hatua yake ya mwisho ya kukuza nguvu inapoelemewa. Katika hali hiyo vilele vya wimbi hubanwa, hukatwa na kuzaa sauti shirikishi ambazo hazikuwamo katika ishara iliyotoka kwenye gitaa. Tatizo ni kwamba amplifaya ya wati 50 iliyofikishwa katika hali hiyo hutoa kelele isiyovumilika ndani ya nyumba ya kuishi au studio ndogo. Kisanduku cha mzigo kimebuniwa kutatua tatizo hilo. Huunganishwa mahali pa spika, hupokea nguvu yote ya amplifaya na kuigeuza kuwa joto, kisha hutoa ishara ndogo inayoweza kupelekwa kwenye kifaa cha kurekodia.

Visanduku vilivyopo sokoni hutofautiana sana kwa bei na kwa huduma. Vingine vina programu za kuigiza makabati ya spika, vingine vina kipunguza nguvu, na vingine vina tundu la vipokea sauti vya masikioni. Wingi wa huduma hizo huweza kumfanya mnunuzi asahau swali la msingi, yaani mzigo wenyewe unaiathiri vipi amplifaya. Makala haya yanajenga hoja kwamba kisanduku cha mzigo ni sehemu ya sakiti ya amplifaya na si nyongeza yake. Kwa sababu hiyo, uteuzi wake unapaswa kuanzia kwenye usalama, ufuate umbo la impedansi, na umalizie kwenye huduma za ziada.

2.0 Uhusiano wa Vali, Transfoma na Spika

Vali za nguvu hufanya kazi kwa volti kubwa na mkondo mdogo, ilhali spika huhitaji volti ndogo na mkondo mkubwa. Transfoma ya kutolea ndiyo inayopatanisha pande hizo mbili. Katika amplifaya ya wati 50 yenye vali mbili za EL34, ni kawaida transfoma kuifanya spika ya omu 8 ionekane kwa vali kama mzigo wa takriban omu 3,400. Uwiano wa impedansi hapo ni 425 kwa 1.

Uhusiano huo una matokeo mawili. La kwanza linahusu usalama. Amplifaya ya vali ikipigwa bila mzigo wowote, nishati iliyohifadhiwa katika sumaku ya transfoma hukosa pa kwenda. Volti kwenye anodi za vali huweza kupanda kupita kiwango kilichokusudiwa, cheche zikaruka kwenye soketi za vali au kutoboa kihami cha nyaya za transfoma. Gridi ya pili ya vali nayo huweza kuvuta mkondo wa kupita kiasi na kuungua. Transfoma ya kutolea ni miongoni mwa vijenzi ghali zaidi katika amplifaya, na ikishaungua haina marekebisho mepesi, kwani hulazimu kusukwa upya au kubadilishwa.

Tokeo la pili linahusu sauti. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: kama vali zinavyoiona spika, ndivyo spika nayo inavyoziona vali. Ukinzani wa ndani wa vali moja ya EL34 ni takriban omu 15,000. Vali mbili zinazosukuma na kuvuta kwa zamu zinapofanya kazi kwa pamoja, ukinzani wao huwa kama omu 30,000. Kiasi hicho kikigawanywa kwa 425, upande wa spika huonekana impedansi ya kutolea ya takriban omu 70, iwapo hakuna mrejesho hasi. Amplifaya ya transista huwa na impedansi ya kutolea iliyo chini ya omu moja. Tofauti hii ndiyo chanzo cha mjadala wote kuhusu aina za mizigo.

3.0 Impedansi ya Spika

Spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 katika masafa yote. Ikipimwa kwa mkondo usiobadilika mwelekeo, koili yake huonyesha takriban omu 6 hadi 7. Inapopigiwa masafa mbalimbali, huonyesha sehemu tatu zilizo tofauti.

Sehemu ya kwanza ni kilele cha resonansi katika sauti nzito. Uzito wa koni na unyumbufu wa kingo zake huifanya ipende kutikisika katika masafa fulani, ambayo kwa spika nyingi za gitaa zilizomo ndani ya kabati huwa karibu na hezi 100. Mtikisiko huo huzalisha volti inayopingana na mkondo unaoingia, hivyo impedansi hupanda hadi makumi ya omu. Sehemu ya pili ni bonde lililoko katika mamia kadhaa ya hezi, ambako impedansi hukaribia thamani ya jina. Sehemu ya tatu ni mwinuko katika sauti nyembamba, unaotokana na induktansi ya koili. Koili yenye ukinzani wa omu 7 na induktansi ya milihenri 0.6, kwa mfano, huwa na impedansi ya takriban omu 20 katika hezi 5,000.

Mzigo wa ukinzani mtupu, yaani rezista kubwa ya omu 8, hauna kilele, bonde wala mwinuko. Mzigo wa riaktansi hutumia koili, kapasita na rezista kuiga sehemu hizo tatu. Rezista ya omu 7 ikiunganishwa kwa mfululizo na koili ya milihenri 0.6, kisha na kundi sambamba la koili ya milihenri 16, kapasita ya mikrofaradi 160 na rezista ya omu 53, hupatikana kilele cha omu 60 karibu na hezi 100 pamoja na mwinuko katika masafa ya juu.

4.0 Athari ya Mkunjo wa Impedansi katika Sauti

Umuhimu wa mkunjo huo hutegemea impedansi ya kutolea ya amplifaya. Jedwali lifuatalo linalinganisha volti inayofika kwenye mzigo wa omu 60, yaani kwenye kilele cha resonansi, na ile inayofika kwenye mzigo wa omu 8. Hesabu inachukulia kwamba amplifaya haijaanza kukata vilele vya wimbi.

Jedwali 1: Ongezeko la volti kwenye kilele cha resonansi

| Impedansi ya kutolea | Mfano wa amplifaya | Ongezeko |
|---|---|---|
| Omu 0.1 | Amplifaya ya transista | Desibeli 0.1 |
| Omu 10 | Vali zenye mrejesho hasi | Desibeli 5.7 |
| Omu 70 | Vali zisizo na mrejesho hasi | Desibeli 13.1 |

Jedwali linaonyesha kwamba amplifaya ya transista haijali kama mzigo ni rezista au spika. Kwa amplifaya ya vali hali ni kinyume: spika yenyewe huongeza sauti nzito na sauti nyembamba. Ikiunganishwa na rezista tupu, ongezeko hilo hutoweka, na ndiyo maana wapigaji wengi huielezea sauti ya mzigo wa ukinzani kuwa bapa na isiyo na uhai.

Huweza kudaiwa kwamba upungufu huo unaweza kusahihishwa baadaye kwa kirekebisha masafa. Dai hilo lina ukweli pale tu amplifaya inapopigwa kwa upole. Inapoelemewa, mzigo huamua ni masafa yapi yatakayofika mwanzo kwenye kikomo cha volti na kukatwa. Kukatwa huko hufanyika ndani ya amplifaya, kabla ishara haijatoka. Kirekebisha masafa kinachowekwa baada ya hapo hupandisha na kushusha kilichokwisha kukatwa, lakini hakiwezi kubadilisha namna kilivyokatwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

5.0 Vigezo vya Uteuzi

5.1 Ulinganifu wa impedansi ya jina

Kigezo cha kwanza ni kwamba impedansi ya jina ya kisanduku ilingane na tundu la amplifaya litakalotumika. Mzigo wa omu 4 kwenye tundu la omu 8 huzifanya vali zione nusu ya mzigo uliokusudiwa na kubeba mkondo mkubwa zaidi. Mzigo wa omu 16 kwenye tundu hilohilo huongeza volti katika transfoma. Baadhi ya amplifaya huvumilia tofauti ya mara mbili, lakini uvumilivu huo ni wa muundo husika na haupaswi kuchukuliwa kuwa kanuni. Watengenezaji nao hutofautiana katika jambo hili. Suhr Reactive Load ni ya omu 8 pekee, Two Notes Torpedo Captor imetolewa katika matoleo tofauti ya omu 4, 8 na 16, ilhali Universal Audio OX ina swichi ya kuchagua kati ya thamani hizo tatu.

5.2 Uwezo wa kupokea nguvu

Wati zinazoandikwa kwenye amplifaya kwa kawaida hupimwa kabla wimbi halijapotoka. Wimbi lililokatwa hadi kuwa la mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kilele kilekile. Ingawa ugavi wa umeme wa amplifaya hulegea na kuzuia kiwango hicho kufikiwa kikamilifu, amplifaya ya wati 50 huweza kutoa nguvu inayozidi sana jina lake. Ni busara kuchagua kisanduku chenye uwezo wa mara mbili ya wati za amplifaya, na kuhakikisha kwamba uwezo huo ni wa kudumu, si wa kitambo kifupi.

5.3 Umbo la mkunjo

Neno "riaktansi" katika tangazo halitoshelezi. Mnunuzi anapaswa kutafuta mchoro wa impedansi unaoonyesha mahali pa kilele, kimo chake na kasi ya mwinuko wa masafa ya juu. Baadhi ya visanduku huwa na koili ya kuleta mwinuko huo bila kuwa na kilele cha resonansi. Aidha, katika spika halisi impedansi ya juu hupanda polepole kuliko katika koili kamilifu, kwa sababu sehemu ya nishati hupotea katika chuma cha sumaku. Muundo mzuri huiga jambo hilo kwa kuongeza rezista sambamba na koili. Boss Waza Tube Amp Expander humruhusu mtumiaji kubadilisha mwitiko wa mzigo katika sauti nzito na nyembamba, jambo linalofaa kwa mwenye amplifaya za aina mbalimbali.

5.4 Vijenzi na joto

Wati 100 katika omu 8 ni sawa na volti 28.3 na mkondo wa ampea 3.5, wenye kilele cha ampea 5. Koili yenye kiini kidogo cha chuma hushiba sumaku kwa mkondo wa aina hiyo na kupoteza induktansi yake, hivyo mkunjo uliopimwa kwa ishara ndogo hautapatikana wakati wa kupiga kwa nguvu. Kapasita ziwe za aina isiyo na upande chanya na hasi. Kwa kuwa nguvu yote huishia kuwa joto, kisanduku kihitaji nafasi ya hewa, na chenye feni kiepukwe pale ambapo maikrofoni itakuwa karibu.

5.5 Huduma za ziada

Ishara inayotoka kwenye mzigo haijapita katika koni wala kabati, ambavyo hupunguza sana masafa yaliyo juu ya takriban hezi 5,000. Bila uigizaji wa kabati, sauti huwa kali na yenye mikwaruzo. Hata hivyo, uigizaji huo unaweza kufanywa na kompyuta kwa kutumia mwitiko wa mpigo uliorekodiwa kutoka kabati halisi, na unaweza kubadilishwa wakati wowote baada ya kurekodi. Huduma hii ni muhimu, lakini inaweza kupatikana nje ya kisanduku. Mzigo wenyewe hauwezi kupatikana nje yake.

6.0 Mifano Miwili

Vox AC30 hutumia vali nne za EL84 na haina mrejesho hasi katika hatua yake ya nguvu. Impedansi yake ya kutolea ni kubwa, hivyo sauti yake hutegemea sana umbo la mzigo. Mwenye amplifaya hii anayebanwa na bajeti anafaidika zaidi kwa kulipia mkunjo mzuri wa impedansi kuliko programu nyingi. Fender Deluxe Reverb ya wati 22 ina mrejesho hasi, na athari ya mzigo kwake ni ndogo zaidi ingawa haitoweki. Transfoma yake imekusudiwa omu 8 na haina swichi ya kuchagua, kwa hiyo kigezo cha ulinganifu ndicho kinachotangulia. Nacho kisanduku cha wati 50 kinaitosha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba spika hushiriki katika kuunda sauti ya amplifaya ya vali na pia katika kuilinda. Kisanduku kinachochukua nafasi yake hurithi majukumu yote mawili. Hakuna kisanduku kinachoiga kila kitu: mabadiliko ya koni inapotikiswa kwa nguvu, na hewa inayorudi kuzitikisa nyuzi za gitaa, hubaki nje ya uwezo wa koili na kapasita. Pamoja na mipaka hiyo, mnunuzi anayelinganisha impedansi, akaacha ziada ya nguvu, akadai kuona mkunjo na kuuliza ubora wa koili, atakuwa ameilinda transfoma yake na kuhifadhi sehemu kubwa ya sauti aliyoinunulia amplifaya. Huduma nyingine zinaweza kuongezwa baadaye kadiri mahitaji na kipato vinavyoruhusu.